Goma–Minova: Batri ikae nyuma kwa utaratibu, au irudishwe mbele

Asubuhi, upande wa Mugunga, gari la abiria linaloelekea Sake, Bweremana na Minova linajaa haraka. Magodoro yanafungwa juu. Bidoni za manjano zinapangwa nyuma, magunia yanasukumwa chini ya viti, na watoto wanapakatwa kwani kiti cha mtoto kinalipiwa kama cha mtu mzima. Abiria wa kiti cha mwisho ndiye anayegundua kitu kisichoonekana kwa nje. Anatafuta mahali pa kuweka miguu, vidole vinagonga sanduku zito. Juu yake kuna ncha mbili na nyaya zilizokazwa kwa mpira wa tairi. Ni batri ya gari. Mahali pake palikuwa mbele, chini ya kapo, karibu na moteri. Mtu aliihamisha, na hakuwauliza watakaokaa juu yake.

Si kila gari liko hivyo. Lakini yale yaliyo hivyo yanapita bariere moja baada ya nyingine bila mtu kuinua kiti. Anayesimamisha gari anaangalia karatasi, anaangalia mizigo, anaangalia mkono wa dereva. Utawala wa barabara umebadilika, bariere zimehama kutoka kona hii kwenda kona ile, na bado hakuna aliyewahi kuuliza waya ule mwekundu unaoingia chini ya zulia unatoka wapi.

Jambo hili linawahusu wahami kuliko watu wengine. Kambi zilizozunguka Goma zilipobaki tupu Februari 2025, familia zilizokuwa Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya zilishika njia na vitu vyao vyote. Tangu hapo wengine wamerudi Masisi, wengine wamekwenda Kalehe, wengine wamefika nyumbani, wakakuta nyumba haipo, wakarudi tena mjini. Mtu anayehama mara tatu kwa mwaka mmoja hachagui gari. Anapanda lile la bei ya chini, anakaa nyuma kabisa, na godoro lake la sponji linawekwa pale pale, juu ya batri. Sponji ya godoro inawaka upesi sana, na moshi wake unaua mtu kabla moto haujamfikia.

Ieleweke vizuri: kuhamisha batri nyuma si kosa lenyewe. Mafundi wana sababu zao, na nyingine ni za kweli. Joto la moteri linafupisha maisha ya batri. Kapo ya gari la zamani inafunguka kwa bisibisi, na batri ni kitu cha kwanza mwizi anachotaka. Kuna magari yaliyopewa batri kubwa ya lori ambayo haiingii tena kwenye sahani yake ya mbele. Kuna dereva aliyeongeza batri ya pili kwa ajili ya muziki na kuchaji simu za abiria. Na kuna yule ambaye jioni anafungua batri, anaibeba nyumbani kuwasha taa na televisheni, asubuhi anairudisha. Kwake ni rahisi ikiwa nyuma ya mlango kuliko chini ya kapo yenye mafuta na vumbi. Hata viwanda vinafanya hivyo. BMW imeweka batri nyuma katika aina nyingi za magari yake, kusudi uzito usirundikane mbele.

Lakini kiwanda kinapoipeleka batri nyuma, hakiipeleki peke yake. Kinaifunga kwa chuma isisogee. Kinaitolea bomba ndogo inayopeleka hewa yake nje ya gari. Kinaipa kebo nene iliyofunikwa vizuri, iliyopitishwa mahali pasipo kingo kali. Katika magari hayo ya BMW kuna hata kifaa kwenye ncha ya batri kinachokata umeme chenyewe gari likigonga kwa nguvu. Garaji ya kando ya njia inaiga jambo moja tu katika hayo yote: inaipeleka batri nyuma. Mengine yanabaki. Hapo ndipo ugomvi ulipo.

Batri ikiwa mbele, kebo inayotoka kwenye ncha ya plus, kama mafundi wa Goma wanavyosema, kwenda kwenye demarere ni fupi. Mara nyingi haifiki mita moja. Kwa kawaida haina fyuzi, ile mafundi wanaita fusible, kwa sababu demarere inavuta umeme mwingi mno. Gari dogo la esanse linaweza kuvuta ampere 100 hadi 200 ufunguo unapogeuzwa, na moteri ya mazuti inavuta zaidi. Waliotengeneza gari walikubali kebo hiyo ibaki bila fyuzi kwa sababu ni fupi, na kuna ukuta wa chuma kati yake na watu.

Batri ikienda nyuma, kebo inakuwa na mita nne au tano. Inapita chini ya zulia, juu ya kingo za bati, kati ya vyuma vya viti, wakati mwingine ubavuni mwa bomba la esanse. Njia ya mawe ya volkano inaitikisa kutwa nzima. Plastiki inasuguliwa polepole hadi shaba inabaki wazi. Siku shaba hiyo itakapogusa bodi ya gari, ambayo yote imeunganishwa na ncha ya moins, umeme hautakwenda tena kwenye demarere. Utarudi moja kwa moja kwenye batri, bila kitu cha kuuzuia. Batri hii ya volti 12, ambayo mtu anaigusa kwa mkono mkavu bila kurushwa, inaweza wakati huo kutoa mamia ya ampere. Kwa sekunde chache kebo inakuwa nyekundu kama makala kwenye mbabula. Dereva atazima ufunguo, naye atashangaa moto unaendelea. Kebo hiyo haipiti kwenye ufunguo.

Fyuzi iko kwa ajili ya siku hiyo. Na inawekwa pale pale karibu na batri, ndani ya sentimita 20 hivi za kwanza za kebo. Kuna mafundi wanaojivunia kwamba wameweka fyuzi, ukifungua unaikuta mbele, karibu na demarere. Hiyo haisaidii lolote kwa mita nne zinazopita chini ya abiria, kwa sababu kebo ikichunika katikati ya gari, umeme unapata njia ya kurudi kabla ya kuifikia fyuzi. Kuna wengine waliokuwa nayo mahali sahihi, ikakatika siku moja, wakatia msumari au kipande cha waya mahali pake. Fyuzi iliyokatika ilikuwa inasema kuna waya mbovu. Msumari umeinyamazisha.

Unene wa kebo nao ni habari nyingine ambayo wenye magari hawataki kuisikia, kwani shaba ni ghali. Chukua waya wa milimita mraba 6, ule wa kuingizia umeme ndani ya nyumba. Demarere ikivuta ampere 200, mita nne za waya huo zinakula zaidi ya volti 2 njiani. Demarere inapata umeme uliochoka, inalia bila kuzungusha moteri, dereva anajaribu tena na tena, na kila jaribio linaipasha moto kebo iliyolala chini ya magunia. Kisha analaumu batri, ananunua nyingine iliyotumika, tatizo liko pale pale. Kwa kebo ya milimita mraba 50 umeme unaopotea kwenye mita hizo nne haufiki theluthi moja ya volti. Hesabu hii fundi yeyote aliyesoma kidogo anaweza kuifanya kwenye karatasi ya sigara.

Na upande wa moins unasahaulika kabisa. Fundi anatoboa sakafu, anapiga bulonga moja juu ya rangi na kutu, anaondoka. Umeme wote uliotoka kwa plus lazima urudi kwa moins. Ukikuta rangi na kutu, mahali pale panapata moto na kutoa cheche. Bati lilipaswa kukwanguliwa hadi ling'ae.

Cheche zinaleta jambo la hewa. Batri ya maji inapochajiwa na gari inatoa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika sehemu 4 katika kila sehemu 100 za hewa, cheche moja inatosha kuiwasha. Mbele, chini ya kapo, inatawanyika na upepo. Nyuma, chini ya kiti kilichofunikwa na blanketi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi la Sake au mvua ya ziwa, inajikusanya. Alterneta mbovu inayochaji kupita volti 15 inaongeza hewa hiyo mara nyingi, na maji ya batri yanachemka. Katika gari hilo hilo kuna bidoni ya esanse iliyonunuliwa kwa Kadhafi kwa ajili ya safari ya kurudi, na pengine baba mmoja anayevuta sigara karibu na mlango. Batri ikipasuka inarusha vipande vya plastiki na asidi usoni mwa aliye karibu. Aliye karibu ni yule mtoto aliyepakatwa.

Asidi haisubiri mlipuko. Batri isiyofungwa inalala ubavu kwenye shimo la kwanza, inavuja polepole, inakula zulia, inakula kamba ya mzigo, inakula bati. Mama anafika Minova, anakuta kitenge chake kimetoboka na mguu unamwasha, anadhani ni wadudu. Na batri ina uzito wa kilo 15, mara nyingine 20 na zaidi. Gari likigonga, sanduku hilo linaruka kama jiwe kati ya watu. Abiria walio na mikanda ya usalama kwenye kiti cha mwisho cha magari haya wanahesabika kwa vidole. Batri nayo haina mkanda.

Nani alaumiwe? Wengi wanamrukia fundi, kwa sababu mikono yake ndiyo michafu. Fundi ana makosa yake: anayekubali kazi ya kebo bila fyuzi anajua anachofanya. Lakini fundi anafanya kazi ya pesa aliyopewa. Dereva naye mara nyingi si mwenye gari. Kila jioni anapeleka versement, na ikipungua, kesho ufunguo unapewa mwingine. Akisema kebo ni nyembamba, anaambiwa mbona jana gari liliwaka. Anayeamua kama fyuzi itanunuliwa au haitanunuliwa ni mwenye gari, aliye nyumbani, ambaye hapandi gari lake mwenyewe, wala hapandishi watoto wake kwenye kiti cha mwisho. Akinunua matairi yaliyotumika, analalamika. Akiambiwa kuhusu kebo, anasema batri ni kitu kidogo. Yeye ndiye wa kwanza kuulizwa, na mpaka sasa ndiye asiyeulizwa na mtu.

Wa pili ni wale wanaotoa karatasi ya ukaguzi wa gari. Karatasi hiyo ina muhuri na inalipiwa. Kama mkaguzi hajainua kiti, amekagua rangi ya gari tu.

Na mashirika ya misaada yasikilize pia. Gari lao lina kizima-moto, lina mikanda, lina dereva anayejaza karatasi ya ukaguzi kabla ya safari. Hilo ni jema. Lakini hesabu ya wahami inapofanywa, wahami wenyewe wanaitwa mahali pa kugawia msaada kilometa nyingi kutoka wanapokaa, na hakuna anayeuliza watafika pale kwa gari gani. Nauli inayotolewa, pale inapotolewa, inapimwa kwa gari la bei ya chini kabisa. Gari la bei ya chini kabisa ndilo hili linaloelezwa hapa.

Kuna jibu ambalo madereva wanalitoa, nalo lina uzito. Wanasema: mkisimamisha magari haya, watu watabaki njiani, na kulala njiani katika eneo hili kunaweza kuua haraka kuliko batri. Ni kweli, na anayeishi salama asiwacheke. Lakini hakuna anayedai magari yasimame. Mahali pengi sahani ya batri bado iko mbele, chini ya kapo, imejaa vumbi tu. Kuirudisha batri pale ni kazi ya saa moja au mbili, na kebo fupi ya zamani mara nyingi bado iko. Mwizi anazuiwa kwa ukanda wa chuma na kufuli juu ya kapo. Batri ya pili ya muziki inaweza kufunguliwa leo na kubaki nyumbani. Safari ya Minova haihitaji ngoma. Na yule ambaye batri yake haiingii tena mbele atie sanduku lenye mfuniko, mkanda wa kuifunga kwenye chuma cha sakafu, bomba ndogo ya kutoa hewa nje, fyuzi kando ya batri, na kebo yenye unene wake iliyovishwa mpira kila inapopita kwenye tundu la bati. Mkanda na bomba havimfilisi mtu. Kinachouma ni shaba, na kama shaba inamshinda, basi batri irudi mbele.

Wale wanaobeba batri nyumbani jioni nao wana neno lao la kusikia. Chumba cha mbao cha mita tatu kwa tatu, mlango umefungwa, mbabula inawaka, batri inachajiwa pembeni ya mkeka: hiyo ni hatari ile ile ya gari, tofauti ni kwamba watu wamelala. Batri ichajiwe nje au chini ya baraza, mbali na moto. Inapofunguliwa kwenye gari, ncha ya moins itangulie kutoka, na inaporudishwa iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche.

Abiria hana fyuzi mfukoni, lakini ana macho na pua. Kabla ya kulipa, aangalie chini ya kiti cha mwisho. Akiona batri iliyo wazi, asikubali chuma chochote kiwekwe juu yake: sufuria, jembe, bidoni ya bati, kitanda cha chuma kilichokunjwa. Chuma kikigusa ncha zote mbili kwa pamoja, moto umeanza. Godoro lisiwe juu yake wala esanse isiwe pembeni yake. Mtoto akae mbele zaidi, hata kama ni kwa kubadilishana na kijana. Njiani, harufu ya yai bovu ni dalili kwamba batri inachemka. Harufu ya plastiki inayoungua ni kebo. Kwa harufu yoyote kati ya hizo gari lisimame, watu washuke wote kwanza, mizigo baadaye. Asidi ikimwagika juu ya ngozi au machoni, maji safi mengi, bila kusugua, kwa dakika 20 kamili, kisha kituo cha afya. Bidoni moja ya maji iwe ndani ya gari, si ile iliyofungwa juu ya paa chini ya magodoro matatu.

Mama anayeuliza mambo haya kwenye parkingi ataambiwa anachelewesha watu. Konvoyeri atasema ashuke apande lingine. Ndiyo maana swali hili lisiachwe kwa mama mmoja. Chama cha madereva kinakusanya pesa ya kila gari linalopakia. Kina watu wake wanaosimama pale tangu alfajiri, wanaojua kila gari na kila mwenye gari kwa jina. Watu hao hao wanaweza kuinua kiti cha mwisho kabla gari halijapewa zamu ya kupakia. Inachukua muda mfupi kuliko kufunga godoro moja. Gari lenye batri ya wazi lisipewe zamu, na dereva arudishiwe pesa yake ya parkingi siku hiyo, ili apate la kumwambia mwenye gari jioni anapokwenda kueleza kwa nini versement haijatimia.